Msaada: kiungo gani kinakata harufu ya uchachu kwenye jamu ya zabibu?

Mama_Pacha_Dom: Mbukwenyi wakuu. Natengeneza jamu ya zabibu ya viungo nyumbani, hapa hapa Dodoma mjini. Nimeweka mdalasini, karafuu na tangawizi. Ladha iko vizuri, ila ukifungua chupa kuna kaharufu kama ka uchachu. Naomba kujua niongeze kiungo gani kaishe. Iliki itafaa? Matusi pelekeni uzi mwingine.

Bint_Kondoa: Iliki ndiyo yenyewe dada. Itwange na maganda yake, funga kwenye kitambaa safi, tumbukiza sufuriani inachemka, kisha utoe. Ukimwaga unga moja kwa moja jamu inakuwa na mchanga mchanga.

Chachandu: Karafuu umeweka ngapi? Mimi kilo ya matunda naweka 4, basi. Mke wangu siku moja aliweka kiganja kizima, tukapaka kwenye mkate midomo ikafa ganzi kama tumetoka kung'oa jino. Mtoto alilia. Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu naangalia mlango.

Nusu_Kaputi: Mleta uzi, uchachu wa limao au uchachu wa togwa? Ni vitu viwili tofauti hivyo.

Mama_Pacha_Dom: Wa katikati.

Nusu_Kaputi: Hakuna wa katikati. Vifuniko vikoje?

Mama_Pacha_Dom: Baadhi vimetuna kidogo juu. Nahisi ni joto la kabatini.

Mwalimu_Mstaafu: Mwanangu, kifuniko hakitunishwi na joto la kabati, hiyo ni gesi. Jamu yako inachacha. Sukari uliweka kiasi gani kwa kilo ya tunda? Chupa na vifuniko ulichemsha? Ulijaza ikiwa ya moto? Na jambo ambalo wengi hawalijui: hapa Dodoma tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Jamu hushika nyuzi 4 au 5 juu ya pale maji yanapochemkia, kwa hiyo anayesubiri nyuzi 105 za kwenye vitabu ataishia na gundi ya kubandikia viatu. Achana na kipimajoto, tumia kisahani kilichopoa: dondosha tone, lisukume kwa kidole, likikunjamana juu liko tayari.

Mama_Pacha_Dom: Asante mwalimu. Sukari niliweka kilo 3 kwa lita 10. Najua wengine wanaweka nusu kwa nusu, lakini wateja wa siku hizi hawataki sukari, na sukari yenyewe mnajua bei. Chupa niliosha kwa sabuni na maji ya moto vizuri sana. Nilijaza ikiwa imepoa, maana moja ilishapasuka kwa moto.

Mwalimu_Mstaafu: Hapo hapo. Sukari kwenye jamu haipo kwa ajili ya utamu peke yake, ndiyo inayoyafunga maji ili hamira na ukungu wasipate pa kuishi. Umeipunguza, ukajaza ikiwa baridi kwenye chupa ambazo hazikuchemshwa. Chupa huchemshwa dakika 10, kwa mwinuko wetu ongeza 5, kisha unajaza jamu ya moto ndani ya chupa ya moto. Hivyo ndivyo haipasuki.

Kijana_Kisasa: Ngoja. Umesema "wateja". Unauza?

Mama_Pacha_Dom: Si kuuza kihivyo. Kuna oda ya harusi, chupa 60 za zawadi kwa wageni. Nimeshapokea nusu, 180,000, na lebo zimeshachapwa. Harusi ni Jumamosi ijayo. Ndiyo maana nimeuliza KIUNGO, sikuuliza habari za chupa.

Upendo_wa_Bwana: Dada mwogope Mungu. Harusi ya watu uifanye wodi ya kuharisha? Rudisha hela.

Mama_Pacha_Dom: Hela ndiyo iliyonunua chupa na lebo. Nirudishe nini?

Chachandu: Weka tu karafuu nyingi. Wakishakufa ganzi hawatasikia uchachu.

Zee_la_Mpunguzi: Mimi nimekaa kimya nasoma. Hii ni chai, uongo mtupu. Huu ni mwezi wa 5. Zabibu zetu zinavunwa Februari hadi Machi, halafu Agosti na Septemba. Mimi nina shamba, saa hizi mzabibu hauna hata punje ya kumpa ndege. Huyu kazipata wapi za kujaza chupa 60? Na nani anapima zabibu kwa lita? Mnapigwa chai na mnaomba sukari.

Nusu_Kaputi: Duh. Ni kweli, kasema lita!

Kijana_Kisasa: Mods fungeni. Kesho atakuja na uzi wa jamu ya mawe.

Mama_Pacha_Dom: Sio chai jamani. Sikutumia zabibu zenyewe. Nilinunua mchuzi wa zabibu, yaani juisi yake iliyokamuliwa, dumu la lita 20, kwa mtu aliyebaki nao tangu mavuno ya Machi. Ulikuwa na povu kidogo. Niliuchemsha sana, povu likaisha. Na chupa moja imelipuka usiku wa kuamkia jana, watoto wakaamka wakilia. Mmeridhika?

Zee_la_Mpunguzi: Mchuzi wa Machi wenye povu! Mama, huo si mchuzi tena, hiyo ni mvinyo. Sisi huo tunaukalia kwenye kigoda.

Bint_Kondoa: Harusi ni wapi dada?

Mama_Pacha_Dom: Kondoa. Lakini nimechemsha, pombe yote imeruka.

Bint_Kondoa: Subhanallah. Na mimi hapa nakufundisha iliki. Tuna mwaliko Jumamosi hiyo hiyo Kondoa, na kadi inasema kutakuwa na zawadi. Naomba jina la bibi harusi PM, sasa hivi.

Upendo_wa_Bwana: Na hata kama ingekuwa harusi ya kanisani kwetu, mtu aambiwe anachokula.

Mwalimu_Mstaafu: Tuache kelele. Mwanangu, una siku 9. Zifungue zote leo, polepole, taulo juu ya kifuniko, mwaga. Mpigie mwenye oda umweleze kuwa zabibu si msimu. Kanunue mapera au machungwa, kilo moja ya tunda kwa kilo ya sukari. Uchachu wa kuisaidia ishike uutoe kwenye ukwaju. Ikigoma, koroga unga wa ubuyu kijiko kimoja au viwili, ubuyu unashikisha jamu vizuri. Mdalasini na iliki za Bint_Kondoa hizo hizo. Vifuniko nunua vipya.

Mama_Pacha_Dom: Lebo zimeandikwa ZABIBU mwalimu. Je, nikizichemsha upya hizi na sukari nikaongeza?

Nusu_Kaputi: Huyu hajatusikia.

Bint_Kondoa: Nimeshapiga simu Kondoa. Wamesema jamu ni ya "dada mmoja wa Dodoma, mama wa mapacha". Angalia simu yako.

Kijana_Kisasa: Kumbe haikuwa chai.

Chachandu: Mama Pacha, ukishazimwaga, zile chupa tupu unaziuzaje? Nina pilipili ya embe huku inakosa pa kukaa.