Muuzaji wa Kampala alituapia pikapu zake ni "imara kuliko Land Cruiser". Karamoja imemuumbua

Ndugu madereva, na nyote mnaonunua magari kwa ajili ya kazi za vijijini, nimevumilia vya kutosha. Mwaka jana mradi ninaoufanyia kazi ulinunua pikapu mbili mpya kutoka kwa muuzaji mmoja wa Kampala, aliyetuapia kwamba zimeundwa kwa ajili ya barabara za Afrika. Leo, kabla hazijafikisha kilomita 40,000, moja imeinuliwa juu ya magogo pale Moroto, huku Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na nyingine inatembea kwa dua.

Mwezi Mei tulikuwa kati ya Kotido na Kaabong, tumebeba makasha ya chanjo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na anayeijua njia ile anaujua ule udongo mweusi: ukilowa huganda kwenye matairi mpaka gurudumu likose nafasi ya kuzunguka, na ukikauka huacha mifereji migumu kama saruji. Tuliingia kwenye mfereji mmoja polepole, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Nilisikia mlio mmoja tu, usukani ukalegea, na niliposhuka nikakuta gurudumu la mbele la kushoto limelala ubavu. Boljointi ya mkono wa chini, yaani kile kiungo cha tufe kinachoshikilia gurudumu, ilikuwa imechomoka. Raba yake ilikuwa imepasuka siku nyingi, tope likaingia, grisi ikaisha, chuma kikala chuma. Barafu ya chanjo ilikuwa inayeyuka, na muuguzi tuliyekuwa naye alikuwa akishika makasha kila dakika kama anayempima mtoto homa.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mwenye Land Cruiser 70 iliyopita miaka 20, ambaye alihamisha makasha yote na kuyafikisha Kaabong. Springi yake ya nyuma ilikuwa na bapa moja lililovunjika, akalifunga kwa mpira wa tairi kuukuu na kuendelea na safari.

Sisemi kwamba gari lile halina kasoro. Linarusha abiria, bodi yake hushika kutu, mabapa ya springi huvunjika, na injini yake ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, hupanda mlima kwa uvivu kwa sababu haina tabo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Tena ukipuuza mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, umeua injini. Lakini ekseli ya mbele ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na pampu ya dizeli huendeshwa kwa gia na springi, wala haisubiri amri ya kompyuta. Kinachovunjika huonekana kwa macho, na fundi wa Kotido mwenye mashine ya kuchomelea hukirudisha kazini siku hiyohiyo.

Pikapu zetu zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, yaani kila upande una mikono yake, bushi zake na boljointi zake. Kwenye lami mpangilio huo ni raha tupu. Kwenye barabara ya Kaabong kila kiungo ni mlango wa tope. Nozeli nazo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, huipokea kwa msukumo unaozidi bar 1,600, na huko tunakojaza mafuta kwa jerikeni, maji kidogo tu yaliyopita filta hutosha kuziharibu. Ile pikapu ya pili taa ya injini iliwaka, nguvu ikapungua, na hapakuwa na mtu Karamoja nzima tuliyempata mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake.

Wapo watakaonitajia Land Rover, nami naziheshimu Defender za zamani, hasa zenye injini ya 300Tdi ambayo fundi yeyote makini huielewa. Ila zilizofuata, zenye injini ya Td5, zina ugonjwa unaojulikana: oili ya injini hupenya kwenye nyaya za nozeli na kusafiri ndani ya waya hadi kwenye kompyuta. Utengenezaji wa Defender za muundo wa zamani ulikoma Januari 2016, na hizi mpya hazina hata chesisi, yaani fremu ya chini, iliyojitenga na bodi.

Kinachoniunguza zaidi ni jibu la muuzaji. Tulipodai waranti tuliandikiwa kwamba gari lilipata "matumizi mabaya" na kwamba dizeli ilikuwa chafu. Matumizi mabaya ni yapi, ikiwa alijua tangu siku ya kwanza kwamba gari linakwenda Karamoja, na bango lake linaonyesha gari hilohilo likiruka matope? Tangu mwaka 2018 sheria yetu ya Uganda inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15, kwa hiyo Land Cruiser kuukuu za bei nafuu hatuwezi tena kuziagiza, na tumebaki mikononi mwa watu wa aina hii.

Nataka muuzaji anayenadi gari la vijijini aandike kwenye mkataba, kabla ya kupokea hata shilingi, kwamba waranti inahusu barabara za udongo, na ataje gereji iliyo karibu na mnunuzi yenye boljointi na nozeli za gari hilo rafuni. Na ninyi mlionunua pikapu kama zetu, lala chini ya gari leo uzikague zile raba kwa mkono, usingoje sevisi.

Chanjo za wiki hii zimepakiwa tena kwenye Land Cruiser ya yule mzee. Mafuta tunamjazia sisi.