Ukoo unataka binti yangu apelekwe Makete asitoe ushahidi. Nifanyeje?

Mama Wawili (Mafinga)
Kamwene wakuu. Binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la sita. Mdogo wa mume wangu, miaka 22, tuliyekuwa tunaishi naye, alimbaka. Nilikwenda dawati la jinsia la polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kupimwa hospitali) ikajazwa, kijana akakamatwa, kesi iko mahakama ya wilaya. Sasa ukoo umekaa. Wanatoa ng'ombe wawili na hela, halafu mtoto aende Makete kwa shangazi yake mpaka kesi ife. Mama mkwe analia kutwa: "Miaka thelathini! Utakuwa umemzika mwanangu mzima mzima." Mume kanyamaza. Kweli hakimu hawezi kumpunguzia? Na nikikubali, kesi inafutika?

Wakili Kijiweni
Pole sana dada. Kesi si yako wala ya ukoo, ni ya Jamhuri. Kuifuta ni uamuzi wa upande wa mashtaka, siyo kikao cha familia. Anayemzuia shahidi asifike mahakamani naye anatenda kosa, hivyo wazee wajiangalie. Adhabu iko kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu: tangu ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ni kuanzia miaka 30 hadi maisha, pamoja na fidia kwa mtoto. Angekuwa chini ya miaka 10, ni maisha moja kwa moja. Akishatiwa hatiani mtu mzima, hakimu hana pa kushukia hata kama ni kosa lake la kwanza.

Ndaga wa Tukuyu
Hapo ndipo sheria inapojikwaa. Hiyo 30 ndiyo inayopoteza mashahidi. Ingekuwa 10 au 15 na hakimu akaachiwa apime, hata huyo bibi angesema ukweli.

Binti Njombe
Ingekuwa 10 wangeleta ng'ombe mmoja, basi. Aliyetendewa ndiye anaambiwa ahame nyumbani kwao, nyie mnapiga hesabu za miaka!

Wakili Kijiweni
Ndaga, hoja yako ni ya bungeni, hakimu wa Mafinga hana la kuifanyia. Dada, shughulikia umri. Kesi za namna hii huanguka kwa sababu umri wa mtoto haukuthibitishwa. Tafuta cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Vikikosekana, mama mzazi anaweza kuutaja mwenyewe mbele ya hakimu. Mtoto ataahidi kusema ukweli, atasikilizwa faragha, na akiaminika maneno yake peke yake yanaweza kutosha. Na wasije wakadai kijana ana 17, maana kwa umri huo, kosa la kwanza, adhabu ni viboko tu. Ukitishwa rudi dawati, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mama Wawili (Mafinga)
Kadi ya kliniki ninayo. Mtoto haendi popote. Je, mume wangu akiitwa shahidi akakataa?

Wakili Kijiweni
Akishapokea wito hana hiari. Akiukaidi, hakimu anaweza kutoa hati akamatwe.