Mrejesho: saini za fankshini za Lua kwenye kitini chetu

Wakuu, habari za leo. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini mfano wa `lua_resume` (fankshini ya C inayoanzisha au kuendeleza korutini, yaani kazi inayoweza kusimama katikati kisha ikaendelea) kwenye kitini cha lugha ya programu ya Lua tunachofundishia vijana hapa Moshi unagoma, kompaila ikidai hoja, yaani thamani inazopewa fankshini, hazitoshi. Aliyeniambia nifungue `lua.h` (faili la Lua lenye saini, yaani kila fankshini inapokea nini na kurudisha nini) badala ya kuamini kitini, Mungu akubariki.

Kitini kiliandikwa kwa Lua 5.2, ambako `lua_resume` ina hoja tatu. Sisi tunatumia 5.4, na huko ni nne:

`int lua_resume (lua_State *L, lua_State *from, int nargs, int *nresults);`

Pointa ya mwisho inakuambia korutini imeacha thamani ngapi juu ya staki, rundo ambalo Lua na C hupitishiana thamani.

Lililonishtua zaidi ni `lua_getfield`, inayosoma thamani ya jedwali na kuisukuma kwenye staki. Kitini kinasema `void`, yaani hairudishi kitu, kumbe tangu 5.3 inarudisha `int`, namba inayoonyesha aina ya thamani iliyosukumwa. Hapo kompaila hainung'uniki kabisa, kwa hiyo vijana wamekuwa wakiita `lua_type`, fankshini ya kuuliza aina hiyo hiyo, kila mara bila sababu. Iliniuma.

Jana usiku mwenzangu alisoma `lua.h` kwa sauti, mimi na kalamu nyekundu nikisahihisha mstari kwa mstari. Tumeishia `lua_rawgeti`: nayo inarudisha `int`, na hoja yake ya mwisho sasa ni `lua_Integer`, aina ya namba kamili ya Lua. Leo jioni tunaendelea.