Programu haifunguki baada ya kupandisha Ubuntu: libssl.so.1.1 haipatikani. Naomba msaada wakuu

Mleta uzi
Wakuu, habari zenu. Nimepandisha mashine yenye mfumo endeshi wa Ubuntu kutoka toleo la 20.04 hadi 22.04. Mengine yote yako sawa, ila programu moja ya kazini iliyoko /opt/kazi imegoma kabisa:

`error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file`

Nikaona mfumo una libssl.so.3, nikaitengenezea kiungo (symlink, yaani jina la pili la faili hiyohiyo) chenye jina libssl.so.1.1. Sasa inalalamika ``version `OPENSSL_1_1_0' not found``. Kuna data nyingi humo na sijui pa kuanzia.

Jibu la 1
Pole mkuu. Ondoa hicho kiungo kwanza. Namba iliyo mwishoni mwa jina la laibrari (faili la msimbo ambalo programu hulitegemea ili kufanya kazi) ni ahadi: ikibadilika, programu zilizoundwa kwa toleo la zamani hazielewani tena na hilo jipya, hata ukilibandika jina la zamani. Kisha tuwekee hapa matokeo ya:

`ldd /opt/kazi/programu | grep "not found"`

Ule ujumbe hutaja laibrari moja tu, ila amri ya ldd huorodhesha laibrari ambazo programu inazihitaji, hivyo itakutajia zote zinazokosekana.

Jibu la 2
Naongezea: ldd ni kwa programu unayoiamini tu, maana wakati mwingine huiendesha programu yenyewe. Usiyoijua ilikotoka, tumia `objdump -p programu | grep NEEDED`.

Mleta uzi
Kiungo nimeondoa. Zinazokosekana ni libssl.so.1.1, libcrypto.so.1.1 na libripoti.so.2. Hii ya tatu naiona kwa macho yangu ndani ya /opt/kazi/lib! Ipo, kwa nini haionekani?

Jibu la 1
Kuwepo kwenye diski hakutoshi. Kipakiaji (sehemu ya mfumo inayotafuta laibrari programu inapofunguliwa) hakipekui diski nzima. Huangalia njia za folda zilizoandikwa ndani ya programu, folda zilizotajwa kwenye kigeu cha LD_LIBRARY_PATH, orodha ya laibrari iliyo kwenye /etc/ld.so.cache, halafu /lib na /usr/lib. Folda yako haimo kokote humo. Andika `/opt/kazi/lib` ndani ya faili /etc/ld.so.conf.d/kazi.conf, kisha `sudo ldconfig`. Hiyo amri ya mwisho, inayosasisha ile orodha, ndiyo wengi huisahau, wakashinda siku nzima wakihangaika.

LD_LIBRARY_PATH ni nzuri kwa kujaribu. Ukiiweka kwenye .bashrc (faili la mipangilio linalosomwa ukifungua terminali) itagusa kila programu unayoifungua kutoka terminali, na hapo utazua matatizo mengine.

Jibu la 3
Kwa libssl na libcrypto, ambazo ni za OpenSSL (mradi wa laibrari za usimbaji fiche), chukua kifurushi cha libssl1.1 cha 20.04 kutoka hazina rasmi ya Ubuntu, usichukue kwenye tovuti usiyoijua. Kifungue kwa `dpkg -x` (hutoa faili zilizomo bila kukisakinisha), nakili faili zote mbili kwenye /opt/kazi/lib, rudia ldconfig. Lakini OpenSSL 1.1.1 iliacha kuhudumiwa na waundaji wake Septemba 2023, kwa hiyo toa data yako, kisha waombe waliokuundia programu toleo linalotumia OpenSSL 3.

Mleta uzi
Imefunguka! ldd haitaji tena "not found" hata moja. Naanza kutoa data sasa hivi, na barua ya kuomba toleo jipya nimeshaituma. Asanteni sana wakuu.