Gololi kwenye mteremko: stopwochi, tiketaima au video ya simu?

MwalimuMbagala: Wakuu, nina reli ya aluminiamu ya dirisha, mita 2, ncha moja nimeinyanyua sm 10. Nikipiga hesabu, 9.8 × 10/200 ni mchapuko wa 0.49 m/s², kwa hiyo gololi ifike chini kwa sekunde 2.9. Stopwochi inanipa 3.7 kila nikirudia. Nibaki nayo, niazime tiketaima (kile kifaa kinachopiga nukta kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kitu), au nirekodi kwa simu?

DadaMaabara: Shikamoo mwalimu. Tiketaima hapana. Inapiga nukta 50 kwa sekunde, kwa kigari ni safi mno, lakini gololi inayobingirika utaibandikaje utepe? Hata kwa kigari, mteremko ukiwa mdogo hivyo msuguano wa utepe unaharibu majibu.

KijanaTandika: Video, mwalimu. Simu ya kawaida inachukua picha 30 kwa sekunde, inatosha. Chora alama sm 12.5, 50, 112.5 na 200. Gololi ikizipita kwa vipindi sawa, mchapuko haubadiliki. Galileo alieleza jaribio la namna hii kwenye kitabu chake cha 1638, naye muda aliupima kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo!

MwalimuMbagala: Marahaba binti. Nimerekodi. Vipindi vyote karibu 0.92. Jumla 3.7 ileile.

MzeeWaMitambo: Basi stopwochi yako ilisema kweli, hesabu ndiyo yenye kasoro. Ile ni ya kitu kinachoteleza bila msuguano. Gololi inabingirika, sehemu ya nishati inaishia kwenye kuizungusha. Kwenye ubao bapa ingepata 5/7 tu ya 0.49, yaani sekunde 3.4. Mfereji wa reli una upana gani?

MwalimuMbagala: Mm 10. Gololi mm 16.

MzeeWaMitambo: Ndiyo hapo! Inakalia kingo mbili. Kutoka kitovu hadi usawa wa kingo ni mm 6.2, si 8, kwa hiyo inazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule. Gawa 0.49 kwa 1 + 0.4 × (8/6.2)²; hiyo 0.4 ni namba ya mzunguko wa tufe lililojaa ndani. Unapata 0.29, sekunde 3.7.

DadaMaabara: Nimefurahi kweli! Ila mwalimu, ukiongeza mwinuko hamia kwenye video. Kidole kikichelewa sekunde 0.1 kwenye 3.7 ni kama asilimia 3, na kwenye mchapuko kosa linakuwa maradufu kwa sababu muda unazidishwa kwa wenyewe.

MwalimuMbagala: Kesho nanyanyua sm 20. Natabiri sekunde 2.6, na nitaiandika ubaoni kabla ya kuiachia gololi.