"Kwani wewe unaendesha ET au unaendesha gari?" Huyu fundi wa rimu kanivua nguo leo

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, mnivumilie. Yule jamaa wa rimu mnamjua. Simtaji. Mwenye kiti cha plastiki cha miguu mitatu. Nimetoka kwake sasa hivi.

Nina Toyota IST ya nati nne. Rimu zake za zamani nyuma zimeandikwa 6J ET45 (J ni upana kwa inchi, ET ni namba ya rimu inavyokaa ndani au nje ya gari), tairi 185/65R15. Nikataka gari lisimame kidume. Jamaa akanitolea rimu nyeusi zinameremeta hadi unajiona meno. Nikageuza moja, nikasoma 7J, ila ET imezibwa na tope. Nikauliza kwa adabu zote nilizofundishwa madrasa: "Fundi, hii ET ngapi?"

Akawaangalia wateja wake kwanza. Kisha: "Kwani wewe unaendesha ET au unaendesha gari?"

Wakuu, walicheka wote. Muuza kahawa alicheka mpaka kashata zikamwagika. Jogoo wa jirani naye nadhani alicheka.

Nikalipa. Ndiyo, nililipa, msiniulize. Tuta la kwanza: KRRRRR! Tuta la pili, fenda inalia kama mbuzi wa Idi. Kufika 80, usukani unatetemeka kama mashine ya kusaga. Nikarudi. Mnajua dawa aliyonipa? Spesa, kile kipande cha chuma cha kuweka nyuma ya rimu! Tairi linakula fenda kwa nje, yeye anataka kulisukuma nje zaidi! Nilipokataa akachukua nyundo, akakunja mdomo wa fenda, rangi ikabanduka kama ganda la yai. Nikamwambia, si nilikuuliza ET? Akarudia. Wallahi akarudia, safari hii kwa kuimba: "Unaendesha ETiii..."

Nitazeeka naisikia hiyo sauti.

Kisu Butu: Sasa mkuu, unaendesha ET au gari?

Mla Mihogo: Kiti cha mbele kabisa. Mwenye kashata anisogezee.

Nati ya Tano: Mleta uzi, ET ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapobanwa kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachoshika gurudumu. Ikipungua, tairi linatoka nje. Umetoka 45, na hizo nyeusi nahisi ni 20, hapo tayari milimita 25. 6J kwenda 7J ni inchi moja, kwa hiyo ongeza nusu inchi ya upana upande wa nje, karibu milimita 13. Tairi limechungulia nje milimita 38! Hilo si gari, ni kaa. Na mtetemo ni tundu la katikati: habu ya IST ni milimita 54.1, tundu la rimu nyingi za madukani ni 73.1. Tia ringi za habu zizibe hiyo nafasi.

Gurudumu Bovu (mleta uzi): Tope nimesugua kwa mswaki. Ni 20 kweli. Lakini tuache hesabu, mbona hamzungumzii alivyoimba?

Kisu Butu: Ungesugua kabla ya kulipa. Mswaki unao, akili huna.

Mama Wawili: Afadhali wewe. Mimi mwenye Forester niliuziwa rimu ambazo duara la nati ni milimita 114.3 wakati gari yangu ni 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100. Fundi akasema "zitajizoesha". Nati zizoee, jamani? Ni ndoa?

Mla Mihogo: 😂😂 Zitajizoesha!

Bwana Bati: Mafundi wote damu moja. Wangu wa rangi kanipakia mlango mweupe wa maziwa, gari nyeupe ya chaki. Nikilalamika ananiambia nivae miwani ya jua.

Gurudumu Bovu (mleta uzi): Turudi kwenye mada. Kaimba mbele ya watu!

Shangazi wa Pili: Wangu wa friji alilichukua "siku mbili". Mwezi wa nne huu. Juzi nimepita gengeni kwa shemeji yake, nalikuta limejaa soda.

Mama Wawili: Weee! Soda za baridi?

Shangazi wa Pili: Za baridi kabisa. Nilinunua moja.

Bwana Bati: Kumbe kalitengeneza. Huyo fundi anachukua bei gani? Langu haligandishi.