Kama chini ya mabara kuna mwamba mgumu, yanasogeaje?

Mdadisi:
Habari za humu wakuu. Tangu shuleni najua kwamba mabara yanaelea juu ya bahari ya miamba iliyoyeyuka. Sasa nimesoma kwamba chini ya ganda la dunia kuna mwamba mgumu hadi kina cha kilomita 2,900. Bara zima linapitaje juu ya mwamba? Na ni kitu gani kinalisukuma? Mwenye kujua anieleweshe taratibu.

Mwalimu wa Jiografia:
Ulichosoma ni kweli, na mimi natamani ile michoro yenye tabaka jekundu linalochemka chini ya mabara iondolewe vitabuni. Tabaka hilo, mantili, ni gumu, na matetemeko ya ardhi ndiyo yaliyotufunulia. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina kadhaa, na kuna aina moja isiyoweza kabisa kupita kwenye kimiminika. Mawimbi hayo yanapita ndani ya mantili bila shida. Yanakoma yanapofika kwenye kiini cha nje, ambacho kweli ni chuma kilichoyeyuka.

Lakini kitu kuwa kigumu hakukizuii kutiririka. Mwamba wenye joto la nyuzi 1,300 na zaidi, ukikandamizwa kwa maelfu ya miaka, hujipinda na kusogea polepole mno bila kuyeyuka. Mito ya barafu nayo ni migumu, na bado inashuka mabondeni. Ukitaka ushahidi tazama Skandinavia: barafu nene iliyoilalia ilimalizika kuyeyuka karibu miaka 10,000 iliyopita, na hadi leo pwani za kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia zinainuka karibu sentimita 1 kwa mwaka. Mwamba wa chini uliosukumwa pembeni na uzito ule bado unarejea mahali pake!

Halafu, bara halisafiri peke yake. Hapo ndipo mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alipokwama. Alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara yaliwahi kuungana, alikuwa na hoja nzito, mojawapo visukuku vya Mesosaurus, mtambaazi wa majini aliyeishi Amerika Kusini na kusini mwa Afrika. Ila alidhani mabara yanaipasua sakafu ya bahari yakipita, na wanafizikia wakamwonyesha kwamba nguvu alizozitaja ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Alifia Greenland mwaka 1930, jibu likiwa bado. Leo tunajua bara na sakafu ya bahari iliyo kando yake vinaweza kuwa katika bamba moja, yaani kipande kikubwa cha tabaka gumu la juu la dunia, lenye unene wa kama kilomita 100, na vikasogea pamoja. Pwani ya mashariki ya Marekani si mpaka wa bamba; bamba lake linaendelea chini ya maji hadi katikati ya Atlantiki.

Kuhusu kinachosukuma: kwa sehemu kubwa mabamba hayasukumwi, yanavutwa. Sakafu ya bahari huzaliwa ikiwa ya moto, na kadiri inavyozeeka inapoa na kuwa nzito kuliko mantili iliyo chini yake. Mwishowe huzama kwenye mitaro ya bahari, yale mabonde marefu yenye kina kirefu sana, mfano ule wa Mariana, na kipande kinachozama huburuta bamba lote nyuma yake, kama kitambaa cha meza kilichozidiwa uzito upande ulioning'inia. Ndiyo maana karibu sakafu yote ya bahari ina umri chini ya miaka milioni 200, ilhali nchi kavu ina miamba ya miaka bilioni 4.

Mpitanjia:
Mwalimu, mbona Atlantiki haina mitaro mikubwa kandokando yake na bado inapanuka? Nani anaivuta?

Mwalimu wa Jiografia:
Umegusa penyewe. Atlantiki ina mitaro midogo miwili tu, Karibea na kwenye Visiwa vya Sandwich Kusini. Huko kazi kubwa inafanywa na ule mgongo wa milima wa katikati ya bahari, sakafu mpya inakozaliwa: umeinuka kwa sababu ni wa moto, na bamba hujishusha kutoka kwenye mteremko wake kwa uzito wake lenyewe. Mwendo wa mantili chini yake nao unachangia. Nguvu hizo ni dhaifu kuliko mvuto wa mitaro, na kasi inaonyesha wazi. Atlantiki hupanuka sentimita 2 hadi 4 kwa mwaka. Mashariki mwa Pasifiki, ambako bamba la Pasifiki na la Nazca yote yanavutwa na mitaro, sakafu hufunguka hadi kama sentimita 15.

Mdadisi:
Asante sana mwalimu. Na bara lenyewe likifika kwenye mtaro, linazama pia?

Mwalimu wa Jiografia:
Haliwezi, ni jepesi mno. India ilikimbia zaidi ya sentimita 15 kwa mwaka sakafu ya bahari iliyoitangulia ilipokuwa inazama chini ya Asia. Kama miaka milioni 50 iliyopita bahari hiyo ikaisha, bara likagonga bara, na kasi ikashuka sana. Bado India inasonga kaskazini, vipimo vya setilaiti vinaonyesha hivyo kila mwaka, na ganda lililokunjamana katikati ndiyo Himalaya.